Pembe Iliyokatwa

Mdogo wake alikuja Jumapili mchana, amevaa shati la kutokea, mkewe nyuma yake amebeba boksi lenye utepe, na Mama Pima akajua papo hapo kwamba kuna namna.

Si kwamba ndugu hawaruhusiwi kutembeleana. Lakini huyu alikuwa hajakanyaga mlango ule tangu siku ya mtihani wake, miaka mingi sasa, na walipokutana kwenye misiba na harusi za ukoo alimpa dada yake mkono huku anaangalia ukutani. Leo anaingia anacheka mpaka magego yanaonekana, anauliza hali ya magoti yake, anasifia mapazia. Mapazia yenyewe yalikuwa yaleyale aliyoyaacha.

"Dada, sina maneno mengi," alisema alipokaa. "Nimekuja kushukuru tu. Kwa lile ulilofanya."

Mtu mwingine yeyote angeuliza: lipi? Mama Pima hakuuliza. Aliamini kwamba ukimuuliza mtu swali unampa nafasi ya kujipanga, kwa hiyo alitikisa kichwa kidogo, kama anayejua, akasubiri wajimwage wenyewe.

Aliyejimwaga ni wifi yake. "Wifi, acha tu! Tuko mezani tunakula, meseji inaingia, mimi nikadhani ni wale matapeli wa umeshinda gari. Kufungua, hongera, cheti chako cha ufundi umeme kiko tayari. Kina picha yake, kina ule mraba wa vidoti. Akaenda nacho kwenye kile kiwanda cha unga, wakauskani palepale getini, ikatoka kijani. Kesho anaanza! Fundi wa zamu! Baada ya miaka yote hii ya kupaka rangi kuta za watu."

"Hongereni," alisema Mama Pima.

Yeye ndiye aliyekuwa mtahini mkuu wa chuo cha mafundi umeme, na yeye ndiye aliyemfelisha huyu kijana kwa mkono wake. Jina la Mama Pima alipewa na wanafunzi, kwa sababu kutwa nzima sauti yake ilisikika karakana ikipiga kelele ya neno hilo moja. Pima kabla hujagusa! Na kabla hujapima, ipime testa yenyewe kwenye soketi yenye moto, uone inawaka. Kisha pima waya unaotaka kuushika. Kisha irudishe testa kwenye soketi ileile, uone bado inawaka, maana hiyo testa nayo inaweza kuwa imekufa mkononi mwako. Mara tatu, si mbili. Nyumbani napo hakuwa na nafuu. Maziwa aliyanusa hata kama yametoka kukamuliwa mbele yake, na mgeni akiaga, alisikilizia mlangoni mpaka nyayo ziishe kabisa.

Siku ya mtihani wa vitendo, mdogo wake aliweka testa kwenye waya mara moja tu. Testa haikuwaka, akatangaza kwa madaha kwamba waya umekufa, akanyoosha mkono. Kilichokuwa kimekufa ni betri ya testa. Mama Pima alimvuta kola kwa nguvu hadi akaanguka chali mbele ya darasa zima, na darasa likacheka. Kijana hakumsamehe dada yake kile kicheko. Kwa ukoo mzima alisema dada yake amemkata makusudi, kwa kijicho, asije kuwa fundi kama yeye. Mama Pima naye hakujitetea, maana hakuwa mtu wa kujitetea, na ugomvi wao ukakaa hivyo hivyo, umeganda.

Sasa ana cheti. Kimetoka wapi?

Wageni walipoondoka alifungua boksi. Ndani mlikuwa na birika la umeme, zuri, la rangi ya fedha. Plagi ya kiwandani ilikuwa imekatwa kwa sababu haikulingana na soketi za nyumba za huku, ikawekwa nyingine. Hilo nalo halikumpendeza. Alileta bisibisi, akaifungua plagi, akaichungulia kwa miwani, akaifunga tena. Kisha birika akalirudisha kwenye boksi na boksi akalisukuma chini ya meza. Hongo, alijiambia, huwa inakuja na utepe.

Lakini hongo hupewa aliyefanya jambo, na yeye hakufanya lolote. Kwa hiyo kuna mtu mwingine aliyefanya, akajificha nyuma ya jina lake. Na kumjua huyo mtu hakukumchukua muda hata wa kumaliza chai.

Alikuwa ni yule wa mashine.

Chuo kilikuwa kimeamua kuachana na vyeti vya karatasi. Mkuu wa chuo alilitangaza jambo hilo kwenye kikao akiwa na uso wa bwana harusi: kila cheti kilichowahi kutolewa kitaskaniwa, kitaingizwa kwenye mfumo, na mwenye nacho atakipata kwenye simu yake, na mwajiri popote alipo ataelekeza simu yake kwenye mraba wa vidoti na kuona kama ni halali. Hakuna tena kughushi, hakuna tena cheti kuloa mvua. Akaletwa mtaalamu kutoka nje, bonge la mtu, kipara, aliyekabidhiwa chumba cha stoo na skana yake.

Mama Pima alimtilia shaka tangu siku ya kwanza, na sababu alikuwa nazo. Kwanza mtu huyo alivua viatu kazini. Alitembea na soksi humo stoo, humsikii akija wala akiondoka. Mtu mzima anavua viatu ili aweke karatasi kwenye mashine? Pili, alifunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe. Tatu, alipiga mluzi, na Mama Pima hajawahi kumwamini mtu anayepiga mluzi huku anafanya kazi inayochosha. Siku ile ya kwanza jamaa alimfuata ofisini, kwa heshima zote, akamuuliza, "Mama, kuna chochote natakiwa kujua kuhusu haya makaratasi kabla sijaanza?" Naye akamkata jicho, akawaza, ananichimba huyu. Akamjibu, "Yote yako humo. Kusoma si unajua?"

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajavua mtandio, alikaa mbele ya kompyuta ya ofisi akaandika jina la mdogo wake. Picha ikatokea, ya kijana wa enzi zile mwenye shingo nyembamba. Chini yake neno moja la kijani: HALALI.

Akaandika jina jingine, la mwanafunzi aliyefeli mwaka uleule, kijana aliyekuwa anasinzia amesimama. HALALI. Akaandika jina la yule aliyeunganisha waya wa ardhi kwenye bomba la maji na kumrusha mpishi wa chuo. Huyo naye alikuwa wa kijani, anang'aa kama mchicha.

"Haya," alisema kwa sauti, peke yake. "Kumbe ni biashara kamili."

Hakwenda kwa mkuu wa chuo. Mkuu alikuwa ameshapiga picha tatu na ile skana, asingesikia. Alikwenda moja kwa moja stoo, akagonga mlango kwa kiganja, na mlango ulipofunguliwa aliingia bila kukaribishwa na kusimama kati ya yule bwana na viatu vyake.

"Umewauzia shilingi ngapi?"

"Nimewauzia nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Mdogo wangu alikufuata lini? Alikukuta hapa au kwako?"

Yule bwana alimtazama kama mtu anayeangalia simu inayolia kwa namba asiyoijua. "Mama, mimi mdogo wako simjui. Kaa basi."

"Sikai. Watu waliofeli wana vyeti. Nimewaona kwa macho yangu. Wewe ndiye uliyewaweka."

"Mimi nimeweka vilivyokuwa kabatini," alisema, na sasa sauti yake nayo ilianza kupanda. "Vyote. Cheti kimoja kimoja. Sijaongeza hata kimoja. Subiri uone."

Akavuta kabati. Alichomoa fungu la mwaka ule, akalipekua kwa vidole vyake vinene, akatoa cheti cha mdogo wake na kukilaza juu ya meza. Kilikuwa na jina kwa wino mweusi, muhuri, saini ya mgeni rasmi. Na upande wa chini kushoto kilikuwa kimekatwa pembe, kipande kidogo kama cha ncha ya sambusa.

"Hiki hapa. Kina kasoro gani?"

Mama Pima alinyoosha kidole kwenye ile pembe.

"Hiyo?" alisema yule bwana. "Si panya? Viko vingi hivyo. Nilisema haya makaratasi yameliwa na panya. Skana ikikuta pembe haipo, inajaza yenyewe, inanyoosha kingo. Ukiangalia kwenye mfumo huoni kitu."

"Panya!" alisema Mama Pima. "Panya gani anakata kwa mkasi?"

Na alipolitamka neno mkasi, akakaa.

Maana mkasi ulikuwa wake. Pale chuoni vyeti viliandikwa kabla ya mtihani wa vitendo, kwa sababu mtihani na mahafali vilikuwa siku moja na mgeni rasmi hakai kusubiri wino ukauke. Mgeni alisaini fungu zima asubuhi, akinywa soda. Mchana watahiniwa waliingia karakana. Aliyefaulu alipewa chake, nakala ikabaki kabatini; aliyefeli, cheti chake hakikutolewa. Kutupwa pia hakikutupwa, kwa sababu karatasi zile zilikuwa na namba na kila namba ilitakiwa kuonekana. Mtahini mkuu alichukua mkasi, akakata pembe ya chini kushoto, akakirudisha kabatini. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba pembe iliyokatwa maana yake ni kufeli. Nani aandike, na kila mtu anajua? Wanafunzi wenyewe walitaniana nayo: angalia usije ukakatwa pembe. Walimu walijua, mkuu wa zamani alijua, mfagizi alijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, na huyo alikuja kuuliza.

"Mimi nilikuuliza," alisema yule bwana, si kwa ukali. Alikuwa ameshalisoma jambo lote usoni mwa Mama Pima. "Nilikuja ofisini kwako nikakuuliza, mama."

"Najua."

"Ukaniambia nisome."

"Najua, baba, usinirudishie."

Alijisikia aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Akaiona na miguu mikubwa ya yule bwana kwenye soksi, imevimba vifundoni kama mandazi, akaelewa kwa nini mtu anavua viatu. Hata hilo hakuuliza.

Yule bwana alikuwa mtu wa kazi, hakupoteza muda kumlaumu. Alichukua simu ya Mama Pima, akaifungulia mfumo, akamwelekeza. Kufuta cheti kunawezekana, lakini kwa alama ya kidole cha mtahini mkuu peke yake. Kimoja kimoja. Na kila kimoja lazima kiandikiwe sababu.

"Lazima?"

"Nafasi ya sababu haikubali kubaki tupu. Na sababu inabaki pale. Atakayeskani huo mraba, leo au hata miaka kumi ijayo, ataisoma. Mwenye cheti anapata meseji sekunde ileile."

Mama Pima aliushika ule mkasi wake wa zamani akilini, akaukumbuka uzito wake. Mkasi ulikuwa haumwambii mtu chochote. Unakata pembe, kabati linafungwa, na mtu anaendelea kupaka rangi zake bila ulimwengu kujua ni kwa nini. Sasa anatakiwa aandike, na mdogo wake asome, na mlinzi wa geti asome, na wifi yake asome kwa sauti mezani.

"Wengine nitawafuta jioni, na hao nao hawatalala na kijani chao," alisema akisimama. "Huyu mmoja nakwenda kwanza."

Kiwanda cha unga kilikuwa cheupe kila mahali, kuanzia madirisha hadi nyusi za mlinzi. Mashine zilinguruma hadi sakafu ikatetemeka. Msimamizi alimwonyesha kwa mkono: fundi mpya yuko kule nyuma, kwenye sanduku la umeme la kinu cha pili. Mama Pima hakuita. Alisogea polepole, akasimama nyuma ya magunia yaliyopangwa, akachungulia. Kama unatafuta mtu asiyekoma, basi ndiye huyo. Ametoka kudhalilika stoo kwa ajili ya shaka zake, na bado hapa anamvizia mtoto wa mama yake nyuma ya magunia.

Lakini kulikuwa na sababu. Kama atanyoosha mkono vilevile, basi kazi itakuwa rahisi. Atatokea, atafoka, atafuta cheti palepale, na atarudi nyumbani akiwa na haki yake yote. Alijishtukia kwamba anaomba anyooshe mkono, na wazo hilo likamtisha.

Mdogo wake alizima swichi ya kinu, akaitundikia kufuli. Akatoa testa kwenye mfuko wa kifua. Hakwenda kwenye sanduku. Alienda kwenye soketi ya ukutani, akaichomeka testa, ikawaka. Akarudi kwenye sanduku, akagusa waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja akiutazama. Kisha akarudi tena kwenye soketi, na testa ikawaka tena. Hapo ndipo alipovua pete ya ndoa, akaitia mfukoni, na kuingiza mkono.

Mama Pima alishika gunia.

"Dada?" Mdogo wake alikuwa amegeuka. "Umeingiaje humu? Umejaa unga."

"Umejifunza wapi hiyo?"

"Ipi?" Akaitazama testa mkononi. "Hii? Siku ile uliyonivuta kola. Mimi hata balbu ya chooni nikibadilisha nyumbani napima mara tatu, mke wangu ananicheka." Akafuta jasho, akaacha mchirizi mweupe kwenye paji la uso. "Nilikuchukia sana, sikufichi. Halafu ile meseji ilipoingia nikasema, basi, dada yangu ameniangalia miaka yote hii akaona nimekuwa mtu. Amenisamehe. Hakutaka kusema, kwa sababu yeye si mtu wa kusema, ila amefanya."

Kinu cha tatu kilikuwa kinasaga kwa kelele, na Mama Pima alitamani kisage kwa kelele zaidi. Lakini hakuwa amekuja kunyamaza. Alimwambia yote: fungu la vyeti, skana inayojaza kingo, panya, mkasi. Alimwambia na swali aliloulizwa na jinsi alivyolijibu. Mdogo wake alisikiliza huku anaikunjua na kuikunja miwani yake ya kazi.

"Kwa hiyo haikuwa wewe," alisema mwishoni.

"Haikuwa mimi."

"Ilikuwa mashine."

"Nataka kukufuta kabla hawajajua kwa njia nyingine. Mtihani unafunguliwa mwezi ujao. Ukija utapita, nimekuona kwa macho yangu."

"Na hawa watanisubiri mwezi?"

Mama Pima alitoa simu, akafungua jina la mdogo wake. Ile nafasi ya sababu ilikuwa inapepesa kistari chake, inasubiri. Aliandika, Kosa la kuskani. Akalitazama. Lilikuwa ukweli pia, ukweli wa upande mmoja, na lingemwacha mdogo wake atembee amenyoosha shingo. Mdogo wake alisogea akasoma juu ya bega lake.

"Hivyo ndivyo utakavyowaandikia na wale wengine?"

"Hapana."

"Basi usiniandikie mimi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Sitaki zawadi nyingine ya bahati mbaya."

Mama Pima akafuta, akaandika: Hakufaulu mtihani wa vitendo. Akaweka kidole, mfumo ukakikataa mara ya kwanza, akakifuta unga kwenye gauni na kukiweka tena. Mfukoni mwa mdogo wake simu ikalia mlio mfupi. Hakuitoa. Alirudi kwenye sanduku, akafunga mlango wake vizuri, akakusanya bisibisi zake moja moja, akavaa pete.

Mama Pima alitaka kumwambia kwamba anajuta, na hakujua ajutie lipi kwanza: kola, mkasi, au miaka ambayo hakumuuliza kitu chochote. "Nitaongea na msimamizi," alisema.

"Nitaongea naye mwenyewe."

Alitembea hatua kadhaa kuelekea ofisini, kisha akasimama bila kugeuka.

"Lile birika. Umeshachemshia chai?"

"Bado."

"Ulifungua plagi."

Angeweza kukataa. "Nilifungua."

"Ukakuta nini?"

"Kila waya mahali pake," alisema Mama Pima. "Na imekazwa."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa. "Niliifunga mwenyewe," alisema, akaingia kwa msimamizi, akaurudishia mlango.